Jina Hukumbuka, Halitabiri: Majina ya Kichina na Nyota za Kihindi Kwenye Mizani

KATIKA Kiswahili, nyota ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumeta angani usiku. Ya pili ni kubeba bahati ya mtu. Twasema fulani ana nyota ya kupendwa, mwingine nyota yake imefifia, na wahenga wakatuachia methali kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Pita mtaa wowote wa Nairobi au Mombasa uzitazame nguzo za stima: utakuta karatasi za waganga wanaodai kusafisha nyota iliyochafuka. Jina nalo limetwishwa mzigo kama huo. Jina jema, twaambiwa, hung'ara gizani.

Katika miaka ya karibuni nimeulizwa swali moja na wazazi vijana kadhaa, baadhi yao wanafunzi wangu wa zamani. Wamepakua programu za simu zinazodai kumchagulia mtoto jina kwa hesabu. Moja inafuata nyota za Kihindi: unaandika saa na mahali mtoto alipozaliwa, nayo inakupa silabi ambayo jina lazima lianze nayo. Nyingine inafuata mila ya Kichina: inahesabu mistari ya herufi za jina, kisha inatangaza kama jina ni la heri au la shari. Eti ukikosea, mtoto atabeba mkosi maisha yake yote. Hapo ndipo nyumba inaposhika moto, maanake nyanya yuko kijijini akisubiri mjukuu apewe jina la marehemu mumewe, na silabi ya simu haipatani na jina la babu. Je, babu aachwe? Swali lao kwangu huwa fupi: Profesa, mambo haya yana ukweli?

Mimi ni mtu wa lugha. Lakini swali la kama neno lina nguvu juu ya kile kinachotajwa nalo ni la zamani sana katika taaluma yetu, na Wachina na Wahindi wenyewe wamelijadili na kulipima kwa karne nyingi. Watu wengi hawajui hilo. Wanadhani upande mmoja kuna mila za Mashariki zilizokubaliwa na kila mtu huko, na upande mwingine kuna Wazungu wenye shaka. Historia inasema vingine.

Kabla ya kupima, tukubaliane juu ya mizani. Mizani ya dukani hukaguliwa kwa njia mbili. Kwanza, pima sukari ileile mara mbili, leo na kesho, kwa mkono wangu na kwa mkono wako: jibu lazima liwe moja. Huko ndiko kutegemeka. Pili, kilo inayosomwa iwe kilo kweli. Huo ndio usahihi. Mizani inayoshindwa na jaribio la kwanza haina haja ya kufikishwa kwenye la pili.

Tuanze na China, na tuanze na sifa. Jina la Kichina huanza na jina la ukoo, ndipo jina la mtu hufuata. Koo nyingi ziliweka utaratibu wa herufi za vizazi: mfuatano wa herufi ulipangwa mapema, na kila kizazi kikachukua herufi yake kwa zamu. Chukua mfano wa Mao Zedong. Nduguze waliitwa Mao Zemin na Mao Zetan. Mao ni ukoo, Ze ni kizazi, na herufi ya mwisho ni ya mtu mwenyewe. Ukoo wa Kong, uzao wa Confucius, umefuata utaratibu wa namna hii tangu enzi ya Ming, iliyoanza mwaka wa 1368. Watu wawili wa ukoo huo wasiojuana wakikutana safarini, majina yao yatawaambia nani ni baba mdogo na nani ni mwana, hata kama huyo baba mdogo ni kijana zaidi. Hili ni jambo ambalo Mkenya hahitaji kufafanuliwa sana. Miongoni mwa Agikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa babake, na kwa jina hilo peke yake unaweza kuanza kuchora ukoo. Mila hii inashinda jaribio la mizani kwa sababu haidai zaidi ya inachojua. Inasema mtu ametoka wapi.

Kuna upande wa pili wa mila ya Kichina, na huo ndio unaouzwa kwenye simu. Tangu enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, Wachina wamehesabu siku kwa kuoanisha alama kumi na alama kumi na mbili, hata kupatikane mzunguko wa jozi 60. Baadaye miaka, miezi na saa pia zikahesabiwa hivyo. Mtoto akizaliwa, mwaka, mwezi, siku na saa yake kila kimoja hupewa jozi moja, jumla herufi nane. Herufi hizo huhusishwa na asili tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Mpiga ramli akiona mtoto amekosa mojawapo, hushauri pengo lizibwe kwa jina. Aliyekosa mti huitwa Lin, herufi iliyochorwa kwa miti miwili. Aliyekosa chuma huitwa Xin, ambayo ni chuma mara tatu.

Mwandishi mashuhuri Lu Xun alilitumia jambo hili katika hadithi yake "Guxiang" ya mwaka wa 1921, inayohusu mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Rafiki yake wa utotoni anaitwa Runtu. Run ni mwezi wa nyongeza katika kalenda ya Kichina, ndio aliozaliwa. Tu ni udongo, ambao hesabu zilisema ameukosa. Basi pengo likazibwa. Lakini msomaji anapokutana na Runtu mtu mzima, anamkuta mkulima aliyechakazwa na njaa, kodi, wanajeshi na majambazi, uso umejaa makunyanzi. Udongo uliokuwa ndani ya jina haukumkinga na lolote. Lu Xun hakuhitaji kuhubiri. Aliliacha jina liseme na maisha yajibu.

Lakini Lu Xun alikuwa na watangulizi. Katika karne ya kwanza, msomi Wang Chong aliandika kitabu chake Lunheng, na mojawapo ya mambo aliyoyashambulia ni imani kwamba sauti ya jina la ukoo huamua mlango wa nyumba uelekee wapi. Majina ya koo yaligawanywa katika noti tano za muziki, na kila noti ikawa na upande wake wa heri. Wang Chong aliuliza swali ambalo mwanafunzi wa isimu leo angejivunia: jina la ukoo lilitokana na asili ya ukoo wenyewe, sasa namna kinywa kinavyofunguka wakati wa kulitamka inahusiana vipi na mlango? Si kwamba alipinga kila kitu. Yeye mwenyewe aliamini kuwa mtu huzaliwa na majaliwa yake. Alichokataa ni kwamba sauti ya jina inaweza kuyasogeza.

Aliyefanya upimaji hasa ni Lü Cai, aliyefariki mwaka wa 665. Mtawala Taizong wa enzi ya Tang alichoshwa na wingi wa vitabu vya ramli vilivyopingana, akamwagiza Lü Cai na wenzake wavichambue na kuvisafisha. Kazi ilikamilika mwaka wa 641. Lü Cai alikuwa mtaalamu wa muziki, kwa hivyo suala la noti tano alilielewa kuliko waganga wenyewe. Alichukua orodha za majina ya koo akaonyesha kwamba hazina kanuni moja: baadhi yamepangwa kwa vina, mengine hayafuati sauti kabisa, na majina yenye silabi mbili hayajulikani yawekwe wapi. Isitoshe, koo zilizotoka kwa babu mmoja zimetawanywa katika noti tofauti kwa sababu tu zilibadilisha majina. Hilo ndilo jaribio la kwanza, la kutegemeka. Mizani ilianguka hapo hapo.

Kisha akafanya la pili. Alichukua watawala watano wa zamani, miongoni mwao Qin Shi Huang, mwanzilishi wa dola ya China, na Wu wa enzi ya Han. Akatafuta vitabu vya ramli vinasema nini juu ya watu waliozaliwa nyakati zao, akalinganisha na maisha yao yanayojulikana na historia. Havikulingana. Akaukumbusha pia mwaka wa 260 KK, vita vya Changping, ambapo kwa mujibu wa wanahistoria wa kale askari wapatao 400,000 wa jimbo la Zhao waliuawa baada ya kujisalimisha. Je, wote hao walizaliwa saa moja ya shari? Akamalizia na mapacha: tumbo moja, saa moja, lakini mmoja hufa mchanga na mwingine huzeeka. Hayo yaliandikwa katika karne ya saba. Hakuna haja ya kusema kwamba shaka ni kitu kilicholetwa na meli za Wazungu.

Na hiyo programu ya kuhesabu mistari ya herufi? Wengi wanaamini ni hekima ya miaka elfu kadhaa. Kumbe mfumo unaotumika zaidi leo, ule unaogawa jina katika sehemu tano na kuzipa namba kati ya 1 na 81, ulitungwa Japani na Kumazaki Kenō mwishoni mwa miaka ya 1920, ukavuka hadi Taiwan katika miaka ya 1930 ilipokuwa chini ya utawala wa Japani, kisha ukaenea kwa Wachina kwingine. Umri mdogo peke yake si hatia. Tatizo ni hesabu. Mwaka wa 1956 serikali ya China ilianza kurahisisha herufi. Herufi ya joka, long, ilikuwa na mistari 16. Ikabaki na mitano. Alama ya maji inayowekwa kando ya herufi huchorwa kwa mistari mitatu, lakini wapiga ramli wengi huihesabu kuwa minne kwa sababu hufuata kamusi ya Kangxi ya mwaka wa 1716, inayoirejesha kwenye herufi kamili ya maji. Kwa hivyo jina moja la mtoto mmoja linaweza kuwa la heri Taipei na la shari Beijing, na hata ndani ya Beijing likawa la heri kwa mtaalamu huyu na la shari kwa yule. Mwenye duka kama huyo tungemshtaki.

Hata tukimwachia hesabu zake, kuna jaribio ambalo limejifanya lenyewe. Mwaka wa 2007 takwimu rasmi za China zilionyesha kwamba karibu watu 290,000 waliitwa Zhang Wei, jina lililoongoza nchini humo wakati huo. Majina yao hutamkwa sawa, na walio wengi huandikwa sawa, mstari kwa mstari. Kama mistari ndiyo majaliwa, taifa la watu hao lingekuwa na maisha yanayofanana. Lakini miongoni mwao wamo wa kila hali na kila kazi, kama ilivyo kwa akina Juma na akina Wanjiku wa kwetu.

Sasa tuvuke milima hadi India, ambako jina huanzia kwa mwezi. Wahindi waligawa njia ya mwezi angani katika vituo 27, na kila kituo katika robo nne, jumla 108. Kila robo ina silabi yake. Kituo cha kwanza, Ashwini, kina Chu, Che, Cho na La. Mtoto huangaliwa mwezi ulikuwa robo gani alipozaliwa, na jina lake huanza na silabi ya robo hiyo. Mila hii haiko mbali nasi. Katika familia za Wagujarati wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, shangazi, yaani dada wa baba, ndiye mwenye heshima ya kumpa mtoto jina, na mara nyingi huchagua ndani ya herufi zilizotajwa na mnajimu. Ni sherehe nzuri, na shangazi anabaki kuwa na sauti.

Unajimu huu huitwa wa Kiveda. Jina lenyewe linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa limeenea hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20. Andiko la kale la falaki linaloambatana na Veda, linalohusishwa na Lagadha, linashughulikia kalenda: ni lini sadaka itolewe, mwezi uko kituo gani, jua limegeuka lini. Halisomi majaliwa ya mtu kutokana na saa ya kuzaliwa kwake. Utaalamu huo ulikuja baadaye, na kwa sehemu kubwa ulitoka kwa Wagiriki. Kitabu kimoja cha kale cha Kisanskriti kinaitwa Yavanajataka, na Yavana ndilo jina ambalo Wahindi waliwapa Wagiriki. Msamiati wenyewe unatoboa siri: hora ni Kigiriki cha saa, na kendra ni kentron, yaani kitovu. Varahamihira, mwanafalaki na mnajimu mkubwa wa karne ya sita, hakuona haya kukiri kwamba Wayavana, ingawa ni wageni, wanastahili heshima kwa ujuzi wao katika fani hii. Maneno ya mkopo ni kama alama za nyayo. Atakayekuambia kwamba elimu fulani haijawahi kuguswa na mgeni, muulize maneno yake yametoka wapi.

Tuweke unajimu huu kwenye jaribio la kutegemeka. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya mtoto inayozunguka, na kwa sababu hiyo nyota zimesogea zikilinganishwa na majira ya mwaka. Wahindi huhesabu kutoka kwenye nyota zenyewe, kwa hivyo lazima wakubaliane zimesogea kiasi gani. Hawajakubaliana. Mwaka wa 1952 serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, nayo ikakuta takribani kalenda 30 zikitumika nchini. Kipimo kilichopitishwa rasmi, kinachojulikana kwa jina la katibu wa kamati, Lahiri, kilikuwa digrii 23 na dakika 15 kwa tarehe 21 Machi 1956. Lakini B. V. Raman, mnajimu aliyesomwa sana katika karne hiyo, alitumia kipimo kinachotofautiana na hicho kwa karibu digrii moja na nusu.

Msomaji atauliza, digrii moja na nusu ni nini? Hebu tupige hesabu. Robo moja ya kituo cha mwezi ina digrii tatu na theluthi. Tofauti ya digrii moja na nusu kasorobo hivi ni zaidi ya mbili kwa tano za robo hiyo. Maana yake ni kwamba watoto wapatao wanne katika kila kumi watapata silabi moja kwa wafuasi wa Lahiri na nyingine kwa wafuasi wa Raman. Mtoto huyohuyo, saa hiyohiyo, hospitali hiyohiyo. Ikiwa silabi hubeba mkosi, ni wanajimu gani kati ya hao ambao wamekuwa wakiwagawia watoto wa India mikosi kwa miaka hii yote?

Jaribio la usahihi lilifanywa Pune, India, na mwanafalaki Jayant Narlikar, akiwemo katika kundi lake mwanatakwimu Sudhakar Kunte na mwanaharakati Narendra Dabholkar. Walikusanya taarifa za kuzaliwa za watoto 200: mia moja walikuwa wanafunzi hodari na mia moja walikuwa na ulemavu wa akili. Wanajimu walialikwa kila mmoja apewe chati 40 na aseme kila mtoto ni wa kundi gani. Walioomba chati walikuwa 51. Waliorudisha majibu walikuwa 27. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa asilimia 46. Taasisi moja ya unajimu ilipewa chati zote 200, ikapatia 102. Ukirusha sarafu ya shilingi utapata nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009 katika jarida la Current Science. Kumbuka kwamba hawa hawakuwa wakitabiri jambo dogo kama safari au mgeni. Tofauti kati ya makundi yale mawili ni kubwa kuliko karibu kila kitu ambacho mzazi angetaka kujua, na chati haikuiona.

Utafiti huo ulikuwa na uzito wa kitaifa. Mwaka wa 2001 tume inayosimamia vyuo vikuu vya India ilikuwa imeamua kuanzisha masomo ya unajimu vyuoni. Wanasayansi walipinga hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka wa 2004 ilitupilia mbali ombi lao. Narlikar aliona kwamba mahali pa kumaliza ubishi ni kwenye data. Dabholkar, ambaye maisha yake aliyatoa kupigana na ushirikina, alipigwa risasi na kuuawa Pune tarehe 20 Agosti 2013. Kupima imani za watu, kumbe, si mchezo wa darasani.

Nisije nikashutumiwa kwamba nawaona Wachina na Wahindi na kuusahau ua wangu. Pwani yetu kuna hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba. Mtaalamu hujumlisha herufi za jina la mtu na la mamake, akatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho buruji yake. Tuchukue jina Maryam, tuache la mama kwa ajili ya mfano. Mim ni 40, ra 200, ya 10, mim tena 40: jumla 290. Ukitoa kumi na mbili mara 24 zinabaki mbili, nyota ya Thauri. Sasa liandike kama Mswahili anavyolitamka, Mariamu, kwa kuongeza alifu yenye thamani ya 1 na wau yenye thamani ya 6. Jumla ni 297, zinabaki tisa, nyota ya Kausi. Dada yetu amehama kutoka ng'ombe hadi mshale kwa sababu ya irabu mbili. Na Otieno je, ambaye jina lake lina sauti mbili ambazo Kiarabu hakina herufi zake maalumu?

Hata hivyo, kuna watu watakaosema, na wana haki: mbona basi mambo haya huonekana kutimia? Jibu ni kwamba mara nyingine hutimia kwa sababu watu huyatimiza. Mzunguko ule wa miaka 60 ulisafiri kutoka China hadi Japani, na huko ikazuka imani kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto humfupishia mumewe maisha. Mwaka wa 1966 ulikuwa wa aina hiyo. Mwaka uliotangulia Japani ilikuwa imepata watoto milioni 1.82. Mwaka wa 1966 ikapata milioni 1.36. Mwaka uliofuata wakarudi hadi milioni 1.93. Karibu robo ya watoto wa mwaka mzima hawakuzaliwa, na nyota hazikuhusika. Ni wazazi waliohofia kwamba binti yao angekosa mume. Mwaka wa 2026 nao ni wa Farasi wa Moto.

Upande wa pili wa sarafu ni mwaka wa Joka, unaoaminiwa kuleta watoto wa bahati. Wanauchumi Naci Mocan na Han Yu waliwachunguza watoto wa Joka nchini China wakakuta kwamba kweli hufanya vizuri zaidi masomoni. Lakini walipotazama nyumbani, wakakuta wazazi wa watoto hao wana matarajio makubwa zaidi na huwatumikia kwa muda na pesa zaidi. Bahati ililetwa na mzazi.

Swali gumu zaidi ni la kifo. Mwaka wa 1993 David Phillips na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa Wachina zaidi ya 28,000 waliofia Marekani. Walidai kwamba aliyepatwa na ugonjwa unaohusishwa na asili ya mwaka wake wa kuzaliwa, kwa mfano ugonjwa wa mapafu kwa mtu wa mwaka wa chuma, alikufa mapema kwa kati ya mwaka 1.3 na 4.9 kuliko ilivyo kawaida. Walisema kukata tamaa ndiko kulikowaua. Mwaka wa 2006 Gary Smith alirudia kazi hiyo kwa data nyingine na hakuona athari hiyo. Naleta mabishano haya makusudi. Elimu inayokubali kupimwa upya na kukosolewa hadharani ina sifa ambayo programu ya majina haina: inaweza kuambiwa imekosea.

Turudi kwenye majina yetu, maana hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Otieno alizaliwa usiku, Omondi alfajiri, Okoth mvua ikinyesha. Wafula ni wa mvua, Wanjala ni wa njaa. Juma na Hamisi wamebeba siku zao, Ramadhani amebeba mwezi wake, Tabu na Shida wamebeba hali ya nyumba zao. Majina haya nayo yametokana na wakati wa kuzaliwa, lakini hayadai kuutawala mwendo wa maisha. Hakuna anayemwambia Wanjala atashinda na njaa hadi kaburini. Jina linaweka kumbukumbu, kisha linanyamaza. Ndiyo maana mwanahistoria anaweza kulitegemea. Profesa Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wakikuyu iliyochapishwa mwaka wa 1974, alitumia majina ya marika ya tohara kupanga matukio ya karne ambazo hazikuandikwa kitabuni. Herufi za vizazi vya Kichina hufanya kazi iyo hiyo. Jina likiangalia nyuma ni shahidi mzuri. Likigeuzwa lichungulie mbele, linakuwa kipofu.

Xunzi, mwanafalsafa wa Kichina wa karne ya tatu KK, alikwisha kulisema jambo hili kwa namna yake: jina halina ufaafu wa kuzaliwa nao, hufaa kwa sababu watu wamekubaliana na wamelizoea. Hiyo ndiyo isimu ninayoifundisha. Nguvu ya jina iko kwa wanaoliita.

Kwa hivyo mzazi anayejiuliza kuhusu jina la babu, ampe mtoto jina la babu, na anayependa silabi ya shangazi aichukue pia, mradi asiiogope. Saa ya kuzaliwa iandikwe na kuhifadhiwa, kwani mtoto siku moja atataka kujua. Na zile pesa za kulipia programu, watoto wa Joka wametuonyesha zinakofaa kwenda: kwenye vitabu vya mtoto, maziwa yake, na nauli ya kumpeleka kijijini akamwone nyanya anayelijua jina hilo lilianzia wapi.